Maswali ya Wasomaji: Wakaren wa ughaibuni na mabomu ya jeshi la Myanmar

Majirani zetu hapa Saint Paul, Minnesota, ni Wakaren. Sisi Wakongomani tulitoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, wao walitoka kambi za Thailand. Kila mara wanaandamana kupinga jeshi la Myanmar. Wanadai nini hasa, na tuwaunge mkono vipi?
*Msomaji, Saint Paul*

Wakaren ni watu wa mashariki mwa Myanmar, mpakani na Thailand (wa Nairobi mtuwie radhi, si mtaa wenu). Chama chao, KNU (Karen National Union), kimekuwa vitani na serikali kuu tangu Januari 31, 1949, ingawa kumekuwa na vipindi vya kusitisha mapigano. Jipya ni la angani. Machi 27, 2021, wiki nane baada ya jeshi kupindua serikali, ndege za jeshi zilipiga kijiji cha Day Bu Noh, wilayani Mutraw, na maelfu wakakimbilia mto Salween. Januari 12, 2023 ikawa zamu ya kijiji cha Lay Wah: watu 5 walikufa, akiwemo mama na mtoto wake wa miaka 2, na makanisa mawili yakabomolewa.

Ndiyo maana dai kubwa siku hizi ni mafuta ya ndege. Ndege za kivita jeshi linazo tayari, za Urusi na za China, lakini mafuta yake hutegemea meli zinazopakua Thilawa, karibu na Yangon. Canada ilipiga marufuku biashara hiyo Januari 2023. Agosti mwaka huohuo Marekani ikajipa uwezo wa kumwekea vikwazo yeyote aliyemo katika sekta hiyo. Hata hivyo mafuta yanafika, kwa sababu shehena huuzwa na kuuzwa tena njiani, mara nyingine kupitia maghala ya Vietnam, na muuzaji wa kwanza anabaki akisema hakujua yanakokwenda.

Kwa hiyo barua inayosema tu "wekeni vikwazo" haina meno. Iombe kitu kimoja kinachoshikika: vikwazo kwa wenye meli zinazopeleka mafuta hayo, na kampuni zinazozikatia bima zizuiwe. Iwe ukurasa mmoja, iende kwa mbunge wa jimbo lako mwenyewe, iwe na anwani yako na zip code, na itaje shambulio moja kwa tarehe na mahali. Wiki mbili baadaye piga simu, uombe kuongea na msaidizi wa mambo ya nje. Nyinyi Wakongomani mna uzito wa pekee hapa, maana ofisi ya mbunge ikiona dai limevuka jamii moja, hulitazama kwa jicho jingine. Lakini msinakili barua moja na kubadilisha majina tu. Barua hamsini za maneno yaleyale huishia kuwa alama moja kwenye orodha ya karani.

Asiye raia pia anaruhusiwa kuandika. Mwenye kesi ya uhamiaji isiyokwisha aonane na wakili wake kwanza kabla ya kwenda barabarani.

Tunasali na Wakaren. Ndugu zao wakiwatumia video za mabomu kwa WhatsApp, vijana wetu wanazirusha Facebook papo hapo ili dunia ione. Tunafanya vizuri?
*Msomaji, Bendigo, Australia*

Hapana, na hili tulizungumze kwa urefu kidogo. Video inayoonyesha kijito, mwamba na maturubai ya waliokimbia inamwonyesha pia mwenye ndege pa kurudi. Nyuso nazo zinawaponza ndugu waliobaki miji inayoshikwa na jeshi. Subirini mpaka watu wawe wamehama, na aliyerekodi awe amekubali.

La pili, WhatsApp ikituma video kwa njia ya kawaida huibana na kuondoa taarifa zilizofichwa ndani yake: saa, aina ya simu, mahali. Kinachobaki kinaliza watu, lakini mpelelezi hana pa kukishikia. Mwambieni aliyeko kule abaki na faili la asili kwenye simu, anakili jingine kwenye memori kadi, na anapotuma achague kutuma kama hati, si kama video. Lisikatwe, lisiwekewe muziki, lisibadilishwe jina. Mkilipokea, kompyuta ikokotoe alama ya SHA-256, yaani mfululizo wa herufi na namba unaolitambulisha faili hilo kama alama ya kidole, muiandike daftarini pamoja na siku, saa na jina la aliyelileta. Faili likiguswa hata kidogo, alama haitalingana.

Anayerekodi aanze mbali: safu ya milima, mnara wa kanisa, daraja, chochote kinachoweza kutambulika kwenye picha ya setilaiti. Azunguke polepole, kisha asogee kwenye shimo na kuweka rula au kalamu kando yake ili ukubwa uonekane. Vipande vya bomu apige picha pande zote, hasa penye herufi na namba, bila kuvigusa. Bomu lililogoma kulipuka alikimbie, asilikaribie hata kwa picha.

Na saa! Simu za mpakani hushika mtandao wa Thailand, ambayo iko mbele ya Myanmar kwa dakika 30. Ushahidi mzuri unaweza kuonekana wa uongo kwa sababu ya nusu saa hiyo, kwa hiyo aseme kwa sauti ni saa ya nchi gani. Shahidi naye ahojiwe kwa kina na mtu mmoja tu. Akihojiwa na watano, maelezo yatatofautiana, na wakili wa utetezi ataanzia hapohapo.

Gambia iliipeleka Myanmar mahakamani kwa ajili ya Warohingya, Waislamu wa magharibi mwa nchi hiyo. Mbona Wakaren hawaendi ICC?
*Msomaji, Mombasa*

Gambia ilikwenda ICJ, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Novemba 2019, na huko ni nchi kuishitaki nchi. ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai inayoshitaki watu binafsi, ni mlango mwingine, na Myanmar si mwanachama wake. Suala la Warohingya lilipenya kwa sababu walifukuziwa Bangladesh, ambayo ni mwanachama. Wakaren hukimbilia Thailand, ambayo haijaridhia mkataba wa ICC, hivyo njia hiyo kwao haipo. Ushahidi wao unaweza kupelekwa kwenye chombo cha Umoja wa Mataifa cha uchunguzi wa Myanmar, IIMM, kilichoundwa 2018. Hicho hakishitaki mtu. Kinakusanya na kuandaa mafaili ya uhalifu uliotendwa tangu 2011, kwa ajili ya mahakama yoyote itakayokuwa na mamlaka.