Tembo alizama au alitopea?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika riwaya juu ya tembo aliyezama matopeni hadi mji wetu ukaitwa Dodoma. Nataka kisa kisomeke kama jambo lililotokea kweli, bila miujiza. Rafiki yangu anasema ninachoandika ni kisasili, mimi nasema ni kisakale. Tena, kila nikirudia kurasa mbili za mwanzo (nimeziambatanisha) naona bado zinanukia hadithi ya bibi. Nimekosea wapi? – Msomaji, Chamwino

JIBU: Marahaba. La rafiki yako tulimalize upesi. Kisasili hugusa imani: kwa nini watu hufa, kwa nini mbingu iko mbali. Kisakale ni kisa cha kale ambacho wenyewe hukisimulia kama historia yao au ya mahali pao. Chako kinaeleza asili ya jina, nadhani ndiyo iliyomtelezesha, lakini ni kisakale. Ukishakiandika wewe, ni riwaya ya kihistoria.

Sasa hizo kurasa. Umeanza hivi: "Inasemekana hapo kale tembo alikuja kunywa maji, akazama, watu wakaja, wakamwona, wakashangaa." Bibi yumo humo mzima! Yumo katika "inasemekana", yumo katika msururu wa -ka-. Kiambishi hicho husukuma tukio juu ya tukio na hakipumziki. Bibi ana haki nacho, watoto wanasinzia. Wewe unataka msomaji asimame pale ukingoni atazame, kwa hiyo mpe -ki- ya tendo linaloendelea na "alikuwa".

Na kitenzi chenyewe. Jiwe huzama, meli huzama. Kuzama kunataka maji mengi. Tope lina kitenzi chake, kutopea, na kushuka polepole kwa uzito ni kudidimia, ambako ndiko kuliko karibu zaidi na ile "idodomya" ya Kigogo, yaani "imedidimia", iliyozaa jina la Dodoma. Jaribu hivi: "Tembo alikuwa ametopea hadi magotini. Kila alipong'oa mguu mmoja, mitatu iliyobaki ilididimia zaidi." Hakuna muujiza, kuna uzito tu.

Ila mimi ningeandika ile simulizi ya pili, ambayo hukuitaja. Wenyeji waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawala, wakabakiza mikia na kuichomeka matopeni. Wenye mali walipofika wakaambiwa mifugo yao imedidimia. Humo mna njaa, mna hofu, mna uongo, na hivyo ndivyo vinavyoibeba riwaya. Angalia pia sarufi ya huyo mwongo. Hawezi kusema "walididimia", maana hapo jambo limekwisha na mtu anaweza kuuliza maswali. Atasema "wamedidimia", halafu anyooshe kidole kwenye mikia. Hiyo -me- inaleta hali ambayo bado ipo mbele ya macho. Uongo wote umekaa kwenye silabi moja.

Neno moja la kujihadhari nalo ni "hongo". Ukurasa wako wa pili unapitisha msafara wa pwani, na mtemi anapokea hongo. Uko sahihi: katika karne ya 19 misafara iliyokatiza Ugogo ililipa hongo kwa watemi ili ipite na ichote maji, na ilikuwa ada ya wazi. Lakini msomaji wa leo atamwona mtemi wako kama karani anayepokea bahasha chini ya meza. Usimwekee tanbihi. Mwonyeshe mtemi ameketi nje ya tembe, doti za nguo zinahesabiwa kwa sauti, na watu wote wanatazama.

Halafu kuna ile "dakika kumi baadaye, tembo akatulia". Kwa saa ya nani?