Likizo ya nchi kadhaa Ulaya na watoto? Mimi nasema treni

Sisi tunaoishi huku Ulaya tukipanga likizo ya kuzunguka nchi mbili tatu, kitu cha kwanza ni kushika simu kutafuta ndege ya bei chee, na kweli unakuta Köln, Ujerumani, mpaka Milano, Italia, nauli haifiki hata ya teksi. Ila hiyo nauli ni ya mtu mmoja na kibegi chake cha mgongoni. Weka begi kubwa, weka hela ya kuchagua siti ukae na wanao, halafu unaambiwa Milano kumbe unashushwa Bergamo, kilomita kama 50 huko, utafute basi usiku na watoto wamelala begani. Zidisha yote kwa watu wanne ndo uniambie rahisi iko wapi. Kwetu tulishaamua, ni treni.

Na tunajuana, hatuendi kwa ndugu mikono mitupu. Unga, dagaa, vitenge vya wifi, kwenye treni za Ujerumani au Uswisi hakuna mtu wa kukupimia kilo, begi ukiweza kulipandisha behewani mwenyewe limeenda. Chai yako kwenye chupa, wali wa watoto kwenye hotipoti, vyote vinapita.

Tiketi tunayotumia ni pasi ya treni inaitwa Interrail, inafanya kazi nchi 33, na wengi wetu wanadhani ni ya Wazungu tu, hapana, ukiwa unaishi Ulaya kihalali unanunua hata kama pasipoti yako ni ya Tanzania au Kenya. Anayekuja kutembea kutoka nyumbani ananunua Eurail, ni kitu kilekile. Watoto mpaka miaka 11 hawalipi, mtu mzima mmoja anaruhusiwa wawili, ila lazima uwachukulie pasi yao wakati unanunua ya kwako. Unanunua siku za kusafiri, mfano siku 4 au 7 ndani ya mwezi, siku unayokaa tu kwa ndugu haihesabiwi. Ndani ya nchi unayoishi unapewa safari ya kutoka na ya kurudi tu, kwa hiyo usiipangie kuzungukia miji ya hapohapo.

Sasa kinachoharibu bajeti ya watu ni siti. Treni za kasi za Ufaransa (TGV), Eurostar ya kwenda London, na zile treni za kasi za Italia, hata ukiwa na pasi lazima ubuku siti na ulipie, kila mtu. Ujerumani, Austria, Uswisi na Uholanzi treni nyingi unapanda tu. Ndo maana mimi napanga njia nikizifuata nchi za kupanda tu, na nikiingia Italia nachukua treni za mikoa.

Njia ninayowaambia watu wote ni hii: kutoka Köln usikimbilie ICE, treni ya kasi ya Ujerumani, ya njia ya kasi, hiyo haikuonyeshi mto, chukua inayopita Koblenz na Mainz, unaenda na Rhine ubavuni, ngome juu ya vilima. Mkiingia Uswisi ni Basel, Zürich, mnalala Chur. Asubuhi mnapanda milima kwenda St. Moritz na kutoka hapo mpaka Tirano, Italia. Jamani hiyo reli! UNESCO wameiweka kwenye urithi wa dunia tangu 2008, inapanda mpaka mita 2,253 bila meno ya kukamata reli, barafu unaiona dirishani hata Julai, halafu inateremka hadi Brusio, pale inazunguka juu ya daraja la duara mpaka watoto wanaona behewa za mbele kupitia dirisha lao. Watu wanalipia zaidi kupanda ile ya watalii yenye vioo mpaka juu, wakati treni ya kawaida inapita reli hiyohiyo na haina lazima ya kubuku. Tirano mpaka Milano ni treni ya mkoa, inafuata ziwa Como.

Makaratasi tafadhali msicheze nayo. Polisi wanaingia behewani mipakani, pasipoti na kadi ya ukaazi ziwe mkononi, sio ndani ya begi juu. Na mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara moja asishawishike kwenda London na Eurostar, ukishavuka umetoka Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kurudi huruhusiwi, na Uingereza wenyewe wanataka viza yao, wanakukagua kabla hujapanda.

Treni zinachelewa, hilo sifichi. Kwenye kubadilisha treni acha hata saa nzima, hasa ya mwisho ya siku, maana kukimbia na watoto na begi la unga sio likizo. Kwa tiketi ya kawaida ndani ya Umoja wa Ulaya ukichelewa dakika 60 unadai 25% ya nauli, dakika 120 unadai 50%, kwa hiyo tunza tiketi. Na kama mnarudi na treni ya usiku ya kulala, mfano Nightjet, kitanda kinalipiwa hata ukiwa na pasi na vinawahi kuisha, kwa hiyo buku hicho kwanza ndo upange mengine.