Kujivuta sikio pekee hakutoshi
Je, mtoto akijivuta sikio ana maambukizi ya sikio? Hapana, kujivuta pekee hakuthibitishi; wengine hujivuta kwa usingizi tu. Kinachoamua ni ngoma ya sikio: daktari akiitazama kwa otoskopu (kifaa chenye taa cha kutazamia ndani ya sikio) aione imevimba kuja nje. Wekundu mtupu hautoshi, hata kilio kirefu huuleta. Na antibiotiki si lazima kila mara. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2013 unaruhusu, kwa mtoto wa miezi 6 kwenda juu asiye na dalili kali, apewe dawa ya maumivu na kuangaliwa saa 48 hadi 72 (kabla ya miaka 2, iwe sikio moja tu ndilo lenye maambukizi). Usaha ukitoka, au homa ikifika nyuzi 39 za Selsiasi, asisubirishwe.