Vumbi la mawe na viungo vyako: kwa fundi mpya wa Tanga

Ukianza kazi ya mawe, zege au terazo hapa Tanga, utaonywa kuhusu kifua. Onyo ni sahihi ila halijakamilika. Vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe mengi, huvuruga pia kinga ya mwili hadi ikaanza kuushambulia mwili wenyewe: viungo kwa baridi yabisi, ngozi na mishipa midogo ya damu kwa skleroderma (ugonjwa unaokaza ngozi), na wakati mwingine figo kwa lupasi (ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia). Wengi hawaugui, lakini hatari huongezeka kadiri unavyolivuta. Daktari Byrom Bramwell aliandika kuhusu skleroderma kwa waashi wa mawe Uskoti tangu 1914.

Kwanza jua unakata nini. Mawe ya chokaa, kama ya Amboni, na marumaru halisi yana silika kama asilimia 2 tu. Granaiti ina 20 hadi 45. Zege, kwa sababu ya mchanga na kokoto zake, 25 hadi 70. Mawe ya kiwandani ya meza za jikoni huweza kupita 90. Wingi wa vumbi unaloliona usikudanganye: chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni ndogo kuliko maikromita 4 (sehemu 4 za elfu za milimita), hazionekani, na huelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Ndiyo maana kuvua barakoa wakati wa kufagia ni kosa kubwa. Tena usifagie pakavu, lowesha kwanza.

Maji ndiyo kinga kuu. Yatiririke muda wote pale diski inapouma jiwe. Kulowesha juu kabla ya kukata hakusaidii, maana kila diski ikizama inakutana na jiwe kavu. Usimwagie maji grainda ya kawaida ya umeme, itakuua. Tafuta mashine iliyotengenezwa kwa maji, na swichi inayokata umeme ukivuja. Tope lifutwe likiwa bichi, likikauka ni vumbi upya.

Kitambaa hakizuii chembe hizi. Barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo, inafaa ikibana uso pande zote. Mwenye ndevu haimbani vizuri, basi kwake maji na kifyonza vumbi visikosekane.

Usioshe mikono kwa thina wala petroli, kwani vimiminika hivi navyo vimehusishwa na skleroderma. Na sigara pamoja na silika huzidisha sana hatari ya baridi yabisi. Acha, tafadhali.

Vidole vikigeuka vyeupe kisha vya buluu ukishika barafu, vikivimba na kukaza asubuhi, au pumzi ikikatika ukipanda ngazi, usisubiri. Nenda hospitali ya Bombo, na usiseme tu "mimi fundi". Weka daftari: eneo la kazi, mwaka, jiwe ulilokata, saa ngapi kwa siku, palikuwa na maji au hapakuwa. Daktari akiliona hilo atajua vipimo gani aanze navyo, na ukidai fidia WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), ndilo litakalokusaidia kuonyesha ugonjwa umetokana na kazi.