Baiti Sifuri Katika Maandishi: Usiifute Kabla Hujajua Ilikotoka

Nilipokutana na baiti sifuri (baiti yenye thamani 0, ambayo huandikwa 0x00) kwa mara ya kwanza, hifadhidata ya PostgreSQL iligoma kupokea rekodi zangu ikidai kwamba baiti 0x00 si halali katika usimbaji wa UTF-8 (usimbaji ni kanuni ya kugeuza herufi kuwa baiti). Nilikuwa nikiingiza majina ya wateja kutoka kwenye faili la mfumo mwingine, na kwa kuwa rekodi zote zilikuwa ndani ya muamala mmoja, kosa la kwanza lilitosha kuubatilisha wote. Nilifanya kile ambacho nadhani wengi hukifanya: niliongeza mstari mmoja wa msimbo unaofuta kila baiti sifuri kabla maandishi hayajafika kwenye kiendeshi (maktaba inayounganisha programu na hifadhidata), kosa likatoweka, nikageukia kazi nyingine.

Wiki kadhaa baadaye iligundulika kwamba baadhi ya majina yalikuwa yameharibika, hasa yale yenye herufi kama š. Faili lile lilikuwa la usimbaji mwingine, UTF-16, wala halikuwa na alama ya mpangilio wa baiti mwanzoni ambayo ingeutambulisha, nami nililisoma kana kwamba ni la UTF-8. Katika UTF-16 ya faili lile, iliyotanguliza baiti ndogo, herufi a huandikwa kwa baiti mbili, 61 na 00, kwa hiyo ukifuta sifuri unabaki na a iliyo sahihi kabisa, na majina ya herufi za kawaida yanaonekana mazima. Lakini š huandikwa 61 na 01, na baiti hizo mbili ni halali pia katika UTF-8, ila maana yake huko ni herufi a ikifuatiwa na alama ya udhibiti isiyoonekana. Sifuri nilizozifuta ndizo zilizokuwa zikinionya kwamba nimekosea usimbaji, nami nikaunyamazisha mlio badala ya kuutafuta moto.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini baiti hii inakataliwa, maana kwa mujibu wa Unicode, kiwango kinachoipa kila herufi namba yake, U+0000 (alama namba sifuri) ni alama halali kama nyingine, na kikaguzi cha UTF-8 huipitisha bila kusita. Tatizo limerithiwa kutoka lugha ya C, ambayo huitambua baiti sifuri kuwa ndio mwisho wa maandishi. PostgreSQL imeandikwa kwa C, na aina zake za maandishi haziwezi kuihifadhi kwa namna yoyote. Ukiwa na data yenye sifuri ndani yake, mahali pake ni safu ya aina ya bytea, yaani ya baiti ghafi. (Na isichanganywe na NULL ya SQL, ambayo humaanisha kwamba thamani haipo kabisa. Nimewahi kuona mtu akihangaika kuruhusu NULL katika safu ya jedwali akidhani ndiyo dawa.)

Viendeshi navyo havifanani. Maktaba ya psycopg2 ya Python huyakataa maandishi hayo yenyewe kabla ya kuyatuma. Anayeiita libpq, maktaba ya C ya PostgreSQL yenyewe, moja kwa moja, akipitisha vigezo kwa mtindo wa maandishi, hapati onyo lolote, kwa sababu maktaba hiyo husoma hadi sifuri ya kwanza na kuishia hapo. Kinachofika kwenye seva ni kipande tu. SQLite, hifadhidata nyingine, inaweza kuyahifadhi yote, lakini kitendakazi chake cha length huhesabu herufi zilizotangulia sifuri ya kwanza tu, hivyo maandishi marefu huonekana mafupi. Kati ya tabia hizi, mimi naipenda ile ya kukataa kwa kelele. Programu inayosimama nitaitengeneza leo, lakini data iliyokatwa kimyakimya huenda nisiitambue mpaka aliyeiandika ameshasahau alichoandika.

JSON, muundo wa kuandika data kama maandishi, ina mtego wake. Humo sifuri huandikwa kama \u0000, yaani alama sita za kawaida, kwa hiyo kichujio kinachotafuta baiti 0x00 katika maandishi ghafi hakitaona kitu. Katika PostgreSQL, safu ya aina ya json itayapokea, ilhali ya jsonb itayakataa. Usijaribu kuifuta kwa kutafuta na kubadilisha ndani ya maandishi ghafi, kwa sababu mkwaju wa nyuma (\) unaweza kuwa umetanguliwa na mwingine, na hapo huwa ni maandishi halali yasiyo na sifuri yoyote. Changanua JSON kwanza, kisha kagua thamani moja moja, pamoja na majina ya funguo.

Siku hizi, kabla ya kuandika msimbo wowote, huyatazama maandishi yenyewe kwa namba za heksadesimali. Sifuri zikipishana na herufi karibu kila mahali, nashuku UTF-16, na tiba ni kusoma upya kwa usimbaji sahihi. Zikijaa mwishoni tu, mara nyingi ni ujazo wa sehemu zenye urefu maalumu, na hapo hukata kuanzia sifuri ya kwanza badala ya kuzifuta zote, kwa sababu nyuma yake huweza kuwa na mabaki ya thamani ya zamani. Kwa hili kitendakazi cha strip cha Python, kinachoondoa nafasi tupu za pembeni, hakitakusaidia, kwani hakiihesabu sifuri kuwa nafasi tupu. Maandishi yakitoka kwa mtumiaji kupitia fomu, ninayakataa, kwa kuwa hakuna mtu anayeandika baiti sifuri kwa kibodi kwa bahati mbaya. Ukiamua kusafisha, safisha kabla ya ukaguzi wa usalama na kamwe si baada yake: neno lililokatishwa kwa sifuri katikati linaweza kukipita kichujio, kisha wewe mwenyewe ukaliunganisha upya.

Ama yale majina, nilidhani ningeweza kuyarudisha kwa kukokotoa kinyumenyume, lakini haikuwezekana. Herufi Ů huandikwa 6E na 01. Herufi n ikifuatiwa na Ā huandikwa 6E, 00, 00 na 01. Ukishafuta sifuri, zote mbili ni 6E na 01. Ilinibidi niliombe faili la awali kwa waliolituma, na kwa bahati walikuwa bado wanalo.