Finya macho kwanza, kamera baadaye

Wadogo zangu wa kamera, nimekaa na nyie shuti tatu mfululizo nimevumilia, leo naomba niseme. Mnafika lokesheni, hata begi halijafunguka mtu anauliza "tunapiga apecha ngapi?" Apecha, yaani upana wa tundu la lenzi, ya nini na we hujaangalia mwanga unatoka wapi? Mnafungua tundu pana, 1.8, kwa kila kitu, nyuma ukungu, kisha priseti moja, rangi zilizopangwa tayari, juu ya picha zote, eti sanaa. Nawapenda ndo maana nasema. Mi nilikuwa hivohivo mpaka nilipoanza kukaa na wachoraji, wale wa brashi na turubai, nikagundua tunaangalia kitu kimoja ila wao wanaona na mimi napita tu.

1. Finya macho. Mchoraji kabla hajagusa rangi anafinya macho mpaka vitu vinapoteza majina, hakuna tena pua wala kiti wala mlango, kuna bonge la giza hapa na kipande cha mwanga pale. Mabonge hayo yakikaa vibaya hakuna lenzi ya kukuokoa. Ukishindwa kufinya, weka kamera kwenye nyeusi na nyeupe, maadam unapiga RAW (faili ghafi la kamera) faili lako litabaki na rangi zake.

2. Rangi ya kitu siyo ile unayoijua kichwani. Hapa nakaa maana hapa ndo niliumia.

Harusi, jua la utosi, bibi harusi na gauni jeupe pee. Nikaona mti mkubwa, chini nyasi zimestawi, nikasema kivuli hiki hapa, mwanga laini, tumemaliza. Nikapiga fremu zaidi ya mia tatu palepale, kwenye skrini ndogo kila kitu kinang'aa, ndugu wananishukuru. Usiku nafungua kwenye kompyuta, nikaishiwa nguvu. Chini ya kidevu kijani, mikunjo ya gauni kijani, mpaka meno yana ukijani. Jua lilikuwa linapiga nyasi nje kidogo ya kivuli, nyasi zinarusha ukijani wake usoni, majani juu yanachuja mwingine, na upande wa pili anga inammwagia ubluu. Kwenye programu ya kuhariri nikavuta tinti kutoka kijani kwenda majenta, ile pinki ya zambarau, upande wa kijani ukapona, upande wa bluu ukawa wa pinki kama kachomwa. Nikirudisha, kijani hicho. Nikapaka maski, yaani kurekebisha sehemu tu ya picha, picha mojamoja usiku nne. Nikakabidhi. Yule dada akazipitia kimya, halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "kaka, kwani siku ile nilionekana naumwa?" Sikuwa na jibu. Harusi hairudiwi jamani. Mpaka leo nikiona gauni jeupe juu ya nyasi tumbo linanikata.

Baadaye sana mchoraji mmoja akanionyesha kazi ya Monet, mchoraji wa Ufaransa, aliyoianza 1866, wanawake bustanini, magauni meupe, kivuli cha miti, yaani shuti yangu ileile. Vivuli vya magauni vina bluu. Turubai lilikuwa kubwa, zaidi ya mita 2, akachimba mtaro ardhini alishushe humo ili afikie sehemu ya juu akiwa hukohuko nje kwenye mwanga. Saloni ya Paris, maonyesho makubwa ya sanaa ya wakati huo, ikaikataa 1867. Mtu kachimba ardhi kwa sababu ya kitu ambacho mimi nilisimama mbele yake saa nzima nisikione.

Siku hizi natafuta kivuli cha ukuta, chini saruji au mchanga, na kama ni lazima nyasi natandika shuka jeupe mbele ya miguu yake, nje ya fremu.

3. Toa. Mchoraji anaanza na turubai tupu, kila kilichomo kakiweka mwenyewe, sisi tunaanza na fremu imejaa tayari. Saul Leiter, mpiga picha aliyekwenda New York 1946 akitaka kuwa mchoraji, alikuwa anaacha sehemu kubwa ya picha iwe giza, kinabaki kipande kidogo chenye rangi na kinatosha kabisa. Nyie mkiona kona ina giza mnaangaza vivuli kwenye kompyuta mpaka mwisho wa slaida. Acheni giza likae.

4. Kabla ya kuchagua, geuza picha juu chini. Sura ya mtu itaacha kukudanganya, utaona fremu imeegemea wapi.

5. Rudi palepale. Kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, Monet kalichora zaidi ya mara 30, jiwe lilelile, asubuhi lina rangi yake na jioni yake. We umepita mara moja saa saba mchana unasema lokesheni mbovu.

Na we wa juzi, ile fremu uliyotaka kuifuta, mama kakaa karibu na ukuta wa njano na shavu limeshika unjano wake, usiifute, ile umeipata. Rudi saa ileile umpige tena, flashi iache nyumbani.