Nalipwa kuchuja maji: jibu kwa wadogo zangu wa Kigoma

Mdogo wangu amemaliza digrii ya sayansi za majini, na yeye na wenzake wameniuliza: dada, uko Ujerumani unachunguza bakteria wa Ziwa Tanganyika, hiyo kazi inalipa kweli? Na sisi tuje? Shangazi akadakia kwamba miaka yote hii hata msingi wa nyumba hauonekani. Nawajibu kwa pamoja, shangazi naye asome.

Inalipa, ila si kama mnavyodhani. Mwanafunzi wa uzamivu (PhD) huku mara nyingi ni mwajiriwa, ana mkataba na mshahara, na hilo kwetu ni adimu. Lakini mikataba mingi huandikwa ya asilimia 65 ya mshahara wa mtafiti, ilhali kazi unaifanya yote. Kodi inakatwa, bima ya afya inakatwa, mwenye nyumba anasubiri. Hata redio na televisheni za umma zinadai euro 18.36 kwa mwezi kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Kinachobaki kinatosha kula, kutuma kidogo nyumbani na kununua koti zito. Msingi bado, shangazi.

Kazi yenyewe msiifikirie kuwa ni kuzunguka na meli. Siku nyingi nachuja maji. Unayapitisha kwenye chujio lenye matundu ya maikromita 0.2, na bakteria karibu wote wanakwama hapo. Lita ya kwanza inashuka upesi. Ya pili, matundu yakishaanza kuziba, pampu inanguruma na maji yanadondoka tone tone, na huwezi kwenda zako. Mwisho unabaki na kijikaratasi chenye rangi ya chai ya rangi iliyopoa, unakikunja kwa kibanio na kukiweka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kisha DNA inatolewa, mashine inaisoma, nawe unahamia kwenye kompyuta kwa miezi. Asiyetaka kujifunza kuandika programu asijisumbue kuja. Desemba, saa kumi jioni kiza kinaanza kuingia nawe bado hujamaliza chupa.

Lakini naipenda, siwafichi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na oksijeni inaishia kwenye mita mia moja au mia mbili za juu. Dagaa na migebuka wanaishi kwenye tabaka hilo jembamba. Huko chini kote ni milki ya vijidudu. Mvuvi wa Kibirizi, hapo Kigoma, anavua juu ya paa la nyumba ya wenyewe. Mwaka 2006 ulichapishwa ushahidi kwamba ziwani humo wamo bakteria wanaogeuza amonia kuwa gesi ya nitrojeni pasipo oksijeni. Yaani mbolea ya ziwa inapotea hewani kimyakimya, na ni mbolea hiyo inayolisha mwani, mpaka dagaa wetu.

Kinachonikera ni hiki: maji yanatoka kwetu, yanasomwa Ulaya, na yule aliyeendesha boti, anayejua upepo unageuka saa ngapi, jina lake linaishia kwenye mstari wa shukrani. Nimelisema mikutanoni, wakatikisa vichwa kukubali, makala iliyofuata ikatoka vilevile.

Halafu kuna sheria ya Ujerumani ya mwaka 2007. Chuo kinaweza kukuajiri kwa mikataba ya muda miaka sita kabla ya uzamivu na sita baada yake. Ikiisha, upate ajira ya kudumu, ambazo ni za kuhesabu, au uning'inie kwenye fedha za miradi. Msidhani ni ubaguzi dhidi yetu. Mwaka 2021 watafiti wa Kijerumani wenyewe walilalamika kwa wingi mitandaoni chini ya jina #IchBinHanna, yaani "Mimi ni Hanna". Tofauti ni kwamba mkataba wao ukiisha wanarudi kwa mama zao, wangu ukiisha na kibali cha kuishi kinaanza kutikisika.

Kwa hiyo njooni, ila aliyeshika ajira chuoni au TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, asiiachie. Aombe ruhusa ya masomo, aje achukue ujuzi, kiti chake kikimsubiri. Nafasi ya kweli ya uzamivu mara nyingi hutangazwa wazi na haina ada ya wakala. Anayewadai hela ya "kuwaunganisha" ni tapeli. Nitumieni CV nizipitie. Barua ya maombi andikeni wenyewe, na mtaje swali la ziwa mnalotaka kulichunguza.